Kabla hujanunua mche, tafuta kisiki kwanza

Kila mvua zikikaribia picha zinaanza kumiminika mitandaoni. Tisheti za rangi moja, mgeni rasmi kashika koleo, mche ndani ya shimo, watu wanapiga makofi, alafu chini ya picha kuna idadi, leo tumepanda miti elfu kadhaa. Swali langu ni moja na nimeshaliuliza kila mahali, ile ya mwaka jana iko wapi? Siulizi kumkomoa mtu. Nauliza kwa sababu miti naipenda, hili jambo la tabianchi linaninyima raha kabisa, na naona nguvu za watu wema wengi zinaishia kwenye mashimo ambayo miezi sita baadae ukirudi hukuti kitu.

Na wala sio tabia ya nchi moja. Ethiopia, Julai 29, 2019, serikali ilitangaza kwamba imepandwa miti zaidi ya milioni 350 kwa siku moja. Uturuki Novemba 11 mwaka huohuo walipanda milioni 11, na miezi michache tu baadae chama cha wafanyakazi wa misitu kikasema kwenye maeneo waliyokagua hadi asilimia 90 ya miche ilishakufa, wizara ikakanusha. Kenya walitoa mapumziko ya kitaifa Novemba 13, 2023 ili watu wakapande miti, na lengo lao ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ukiziangalia hizo namba vizuri utaona zote ni za siku ya kupanda. Ni mara chache sana utakuta namba ya baada ya kiangazi cha pili, na hiyo ndo namba pekee ambayo ardhi inaijua.

Mche unakufa kwa sababu zinazoeleweka kabisa. Umelelewa kitaluni chini ya kivuli, unamwagiliwa asubuhi na jioni, mizizi yake imezunguka ndani ya kiriba na haijawahi kutafuta maji yenyewe. Siku moja unapelekwa kwenye udongo mgumu juani, mvua ikikatika wiki mbili tatu mfululizo tayari umenyauka, ukipona hapo kuna mchwa, kuna mbuzi, alafu kuna kiangazi chenyewe ambacho sehemu kame kinafika miezi saba. Na mara nyingi waliopanda wanaishi mbali, hakuna aliyepewa jukumu la kurudi. Kupanda kunachukua dakika tano, kutunza kunachukua miaka mitatu, na bajeti nyingi zinaisha ile dakika ya tano.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe ninalotaka kulisema leo. Sehemu nyingi tunazoziita jangwa, mashamba yaliyobaki peupe kabisa, hazijaisha miti. Miti imekatwa juu tu, chini iko hai. Ukitembea taratibu na macho yako yakiwa chini utaviona vichipukizi vya urefu wa goti, vinatoka pamoja kama kichaka, na kila msimu wa kuandaa shamba vinafyekwa, na msimu unaofuata vinatoka tena. Hivyo vichaka ni miti mikubwa iliyonyimwa nafasi ya kukua. Kazi ya kuvilea wenzetu wa Dodoma wanaiita kisiki hai, na mimi nadhani ndo jambo lenye maana kuliko mengi tunayofanya kwa jina la mazingira kwenye ukanda huu mkavu.

Habari hii inaanzia mbali kidogo, Niger. Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alifika eneo la Maradi mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa na kazi ya kupanda miti. Miche ikawa inakufa tu, watu hawana mpango nayo, na ni wakati ambao Sahel nzima, ule ukanda mkavu wa kusini mwa Sahara, ilikuwa imepigwa na ukame. Mwaka 1983 akiwa njiani na trela la miche alisimama kupunguza upepo kwenye matairi ili gari lipite kwenye mchanga. Akatupa jicho kwenye kichaka kimoja pembeni, akasogea kuangalia majani yake, na pale pale akatambua kwamba kile hakikuwa kichaka, ni mti uliokatwa ambao unachipua kutoka kwenye kisiki chake. Na vilikuwepo vya namna hiyo kila upande. Alikuwa anabeba miche kwenye trela kupita katikati ya msitu uliokuwa chini ya ardhi.

Alianza na wakulima wachache waliokubali kujaribu kwenye sehemu ndogo ya mashamba yao, wengine waliwacheka, ikaja njaa ya 1984 ikasukuma wengi zaidi wajaribu, na baada ya hapo jambo likawa linasambaa lenyewe, jirani anaangalia shamba la jirani, ndugu anampelekea ndugu wa kijiji kingine. Kilichonigusa zaidi ni kwamba dunia haikujua. Hakukuwa na uzinduzi wala kibao. Ni miaka ya 2000 ndo mtafiti Chris Reij na Gray Tappan wa shirika la utafiti wa jiolojia la Marekani walipolinganisha picha za angani za zamani na za wakati huo wakaona kusini mwa Niger kumebadilika, karibu hekta milioni 5 zina miti tena, makadirio yao ni miti milioni 200, na mingi kati ya hiyo hakuna mtu aliyeipanda. Reij na wenzake walikadiria kwamba ardhi hiyo ilikuwa inatoa nafaka tani 500,000 zaidi kwa mwaka kuliko ambavyo ingetoa bila miti, chakula cha watu kama milioni 2.5, kwenye moja ya nchi maskini kabisa duniani. Mimi hii habari nikiisoma moyo unanienda mbio mpaka leo.

Kwanini inafanya kazi? Kisiki kina mizizi ya mti mzima. Imeshazama chini miaka mingi, imeshafika kwenye unyevu ambao mche wa kitaluni utaota ndoto tu ya kuufikia, na ndani yake imehifadhi chakula cha kusukuma machipukizi mapya hata mvua ikichelewa. Kwahiyo chipukizi la kisiki likiachwa linaweza kukimbia zaidi ya mita moja ndani ya mwaka, na baada ya miaka mitatu minne una mti wa kukupa kivuli. Pia ni mti wa hapohapo. Hauhitaji mtu akufundishe kama utazoea udongo wako, umeshaishi hapo kabla ya babu yako.

Jinsi ya kufanya nitaieleza vizuri kwa sababu najua kuna mtu atasoma hii akiwa na shamba. Pita shambani kabla ya kulima, tafuta visiki vyenye machipukizi, amua ni visiki gani utavilea kutegemea na mazao yako na matumizi ya mti wenyewe. Kwenye kila kisiki chagua machipukizi matatu mpaka matano, yale manene yaliyonyooka, mengine yote kata. Tumia panga kali au msumeno mdogo, ukate kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike maana gome likichanika ndo mlango wa wadudu. Yale uliyoyaacha yapogolee matawi ya pembeni nusu ya chini tu, huku juu yaache, mti unakula kwa majani, ukiyamaliza yote umeufungisha mlo. Alafu funga kitambaa cha rangi. Kitambaa ni kwa ajili ya watu, mwenye mifugo akipita, kijana anayetafuta kuni akipita, ajue huu una mwenyewe na unalelewa. Matawi uliyokata kama yana miiba yaweke kuzunguka kisiki, mbuzi atakwenda kwingine. Baada ya miezi michache rudi, kisiki kitakuwa kimetoa machipukizi mengine, punguza tena. Basi. Hakuna kitalu, hakuna kiriba, hakuna kubeba maji kichwani.

Na ukifika wakati wa kuhitaji nguzo au kuni, unavuna shina moja kwenye kisiki chenye matano, manne yanaendelea. Hapa ndipo napenda kuwasisitizia watu wa miradi. Mkulima hawezi kulea mti ambao haruhusiwi kuutumia.

Swali linalokuja kila mara ni kivuli, kwamba miti itaua mazao. Ni swali la haki. Miti ikiachwa ovyo ijazane, ndio, mahindi yatadumaa. Ndo maana ya kupogolea, mwanga unapita, na unaacha nafasi kati ya mti na mti. Ila pia angalia faida yake kwa kinachotokea chini. Majani yanaanguka yanaoza, udongo unapata chakula, unyevu unakaa zaidi, upepo unapungua. Kule Niger kabla miti haijarudi wakulima walikuwa wanapanda mbegu mara mbili, mara tatu, kwa sababu upepo wa mwanzo wa msimu ulikuwa unafukia miche ya mtama na uwele kwa mchanga. Miti ilipoongezeka wengi wakawa wanapanda mara moja tu. Fikiria mbegu zilizookolewa hapo, na nguvu za kina mama. Na kuna mti mmoja wa jamii ya migunga, kitaalamu Faidherbia albida, huo una tabia ya ajabu kabisa, unapukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa wakati wa kiangazi, maana yake mazao yakiwa yanakua hauyanyimi mwanga, na mifugo ikiwa haina malisho wenyewe unatoa majani na maganda. Ukikuta kisiki chake shambani kwako usikiguse na jembe.

Sio kila mti unachipua, lazima niseme. Misindano ukiikata ndo mwisho wake. Lakini miti mingi ya asili ya nyanda kavu, mlama, mkwaju, migunga ya aina nyingi, inachipua, na wazee wa sehemu yoyote watakutajia upi unarudi na upi haurudi kabla hujamaliza kuuliza.

Kama mbinu ni rahisi hivi, tatizo liko wapi? Kwa maoni yangu liko kwenye umiliki. Niger wakati wa ukoloni wa Wafaransa na miaka mingi baada ya uhuru, miti ilihesabiwa kuwa mali ya serikali hata ikiwa katikati ya shamba lako. Ukikata bila kibali unapigwa faini. Sasa mkulima mwenye akili atafanya nini? Atafyeka chipukizi likiwa bado dogo lisije likawa mti wa kumletea askari wa misitu mlangoni. Sheria ya kulinda miti ikawa ndo inaimaliza. Ni usimamizi ulipolegezwa kuanzia miaka ya 1980, watu wakaanza kuiona miti ya shambani kuwa yao, ndipo visiki vikapewa nafasi. Wanaotunga sheria wangekaa na somo hilo muda mrefu kidogo, kwa sababu bado kuna sehemu nyingi ambapo mtu akitaka kukata mti alioulea mwenyewe shambani kwake anazungushwa ofisi tatu.

Na Tanzania tuna mfano wetu mkubwa ambao vijana wengi hawaujui, Shinyanga. Kule misitu ilifyekwa kwa makusudi kupambana na mbung'o, ikaongezeka kilimo cha pamba na tumbaku, mifugo ikawa mingi, mpaka kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa unatajwa kama jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Walianza kama wote wanavyoanza, na vitalu na miche. Kilichobadilisha mambo ni waliporudi kwenye ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kufunga eneo la malisho mvua zinapoanza, mifugo isiingie, majani na miti vikue, alafu linafunguliwa kiangazi kikikaza. Ulinzi ulikuwa wa jamii yenyewe, dagashida, yaani mkutano wa kimila wa kijiji, inakaa, inapanga, anayevunja anatozwa. Hekta zilizokuwa zinajulikana mwanzoni zilikuwa kama 600. Mradi ulipoisha mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000, na ndani yake miti ilirudi yenyewe kutoka kwenye visiki na mbegu zilizokuwa zimelala ardhini. Utafiti wa Profesa Gerald Monela na wenzake uliotoka 2005 uliangalia vitu vinavyotoka humo, kuni, dawa, malisho, asali, nguzo, matunda, na kukuta thamani yake kwa mtu ni kubwa kuliko matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini kwa mwezi. Hii ni kazi ya wafugaji na wakulima, wakitumia utaratibu wa mababu zao.

Dodoma nako taasisi ya LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi wamekuwa wakifundisha kisiki hai vijiji hadi vijiji tangu 2018, mkulima anafundisha mkulima. Nimefurahi sana kuona hivo vitambaa. Mwaka huohuo wa 2018 Rinaudo alipata tuzo ya Right Livelihood, pamoja na mzee Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, ambaye nitamrudia.

Kinachonitisha ni kwamba hii hazina ya chini haikai milele. Kisiki kikifyekwa kila mwaka bila kupata nafasi ya kujilisha kinachoka, kuna mwaka hakitatoka tena. Moto wa kila kiangazi unakichosha haraka zaidi. Uchomaji mkaa ukishamaliza mashina unahamia kwenye visiki vyenyewe, watu wanachimba mizizi, na mzizi ukishatoka hapo hakuna tena cha kulea. Na trekta, jamani trekta! Jembe la mkono lilikuwa linazunguka kisiki, plau ya trekta inang'oa kila kitu kwa mchana mmoja ili mistari inyooke. Naelewa kabisa kwanini mtu anataka trekta. Ila msitu wa chini uliodumu miaka hamsini ya kufyekwa unaweza kuisha msimu mmoja wa kilimo cha kisasa, na baada ya hapo kweli utahitaji kitalu na kiriba na maji ya kubeba kichwani.

Wafadhili nao nawaomba. Najua kisiki hakipendezi kwenye picha. Mche unapendeza, una mtoto ameushika, una namba. Kisiki kilichopogolewa ni vijiti vitano na kitambaa. Lakini ahadi kubwa zote tunazozisikia, Ukuta Mkubwa wa Kijani wa Umoja wa Afrika wa kurudisha uoto ukanda wa Sahel tangu 2007, AFR100 ya mwaka 2015 inayotaka kurudisha uoto kwenye hekta milioni 100 ifikapo 2030, haziwezi kufikiwa kwa miche. Hesabu haikubali, maji hayapo, watu hawapo. Kwa kulea kinachoota chenyewe zinaweza kusogea, na mipango hiyo yenyewe inaruhusu njia hiyo kuhesabiwa.

Kuhusu kaboni nitasema kidogo. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, kwahiyo mti unaokua unaitoa hewani, hilo halina ubishi. Mwaka 2019 ulitoka utafiti kwenye jarida la Science ukisema dunia ina nafasi ya kuongeza misitu hekta milioni 900 na kufyonza kaboni tani bilioni 205, na wanasayansi wengi wakaujibu kwamba namba imezidishwa na kwamba nyika za majani zimehesabiwa kama vile ni misitu iliyoharibika. Nyika sio msitu ulioharibika, ukiijaza miti unaua viumbe vyake. Na kampuni inayochoma mafuta kila siku haiwezi kujisafisha kwa mti wa mkulima wa Dodoma, mti unachukua miaka thelathini kukusanya na unaweza kuungua jioni moja. Mimi kisiki nakipenda kwanza kwa kivuli, udongo, kuni za karibu na upepo uliotulia, kwa sababu joto limeshaongezeka na wanaolipokea ni watu wa mashambani.

Kupanda nako kuna mahali pake. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 kina mama walikuwa wanapewa malipo kidogo kwa mche ulioshika, uliopona. Kitu kidogo hicho kinabadilisha kila kitu, mtu anarudi kuutazama. Na pale ambapo kweli visiki vimeisha, ardhi imekuwa ngumu kama sakafu, hapo ndo namrudia mzee Sawadogo. Yeye kuanzia miaka ya 1980 alichimba vishimo vya zai, vile vya kienyeji vya kupandia, wakati wa kiangazi, akavipanua kuliko vya zamani, akaweka samadi, mchwa wakaja wakafungua udongo, mvua ikaingia badala ya kukimbia juu. Mtama ukaota, na pamoja na mtama ikaota miti, kwa sababu samadi ilikuja na mbegu ndani yake. Akaiacha ikue. Alifariki Desemba 2023 akiwa ameacha msitu mahali palipokuwa peupe.

Kama msimu huu shamba lako linalimwa na trekta, pita wewe kwanza siku moja kabla na vitambaa, funga kwenye kila kisiki unachotaka kibaki, alafu asubuhi dereva akifika tembea naye umwonyeshe kimoja kimoja kabla hajawasha.